Kompyuta ya Mama Iliganda Jumapili Tu

Nianze kwa kukiri kwamba mimi nina mdomo. Ofisini wanajua, nyumbani wanajua, hata mama muuza mchicha anayepita mtaani kwetu anajua, ndiyo maana hunichagulia fungu lisilo na majani ya njano kabla sijafungua kinywa. Nalisema hili mapema kwa sababu jambo ninalotaka kulieleza halielezeki bila huo mdomo. Na mpaka leo nikilikumbuka nakaa na kijiko mkononi hadi chai inapoa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya mezani, ya zamani, niliipata ofisi ilipokuwa inaondoa vifaa chakavu. Sipiyu yake nene, nzito, lakini kioo kilikuwa kipana, na ni kioo hicho nilichokitaka. Mdogo wangu, kitinda mimba wa mama, ni muuguzi ughaibuni, na wakati huo alikuwa na mwaka wa sita hajakanyaga nyumbani. Kila Jumapili saa nane mchana alipiga simu ya picha. Mama, niliyemtoa Chamwino nikamleta kwangu hapa Dodoma baada ya baba kufariki, hakuwa na jambo lingine analolisubiri katika wiki. Kwenye simu yangu ya mkononi alikuwa hamwoni mwanawe. Alisema amekuwa mdogo mno, anacheza tu kwenye kioo. Ndipo nikaleta hiyo kompyuta, nikaiweka sebuleni, nikaifungia kamera na spika, nikajiona mtu wa maana. Mama akaketi mbele yake na kanga yake nzuri, akaamkiwa shikamoo kutoka upande wa pili wa dunia, akaitikia marahaba kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani.

Basi, mwezi wa saba, upepo wa vumbi umeshaanza kuvuma, kompyuta ikaanza kuganda.

Ilikuwa hivi. Simu inaingia vizuri, wanasalimiana, wanaulizana habari, mdogo wangu anacheka. Mnapofika dakika ya ishirini na tano hivi, picha inasimama. Mdomo wa mdogo wangu unabaki wazi nusu, mkono umeinuliwa, sauti inakoroma kidogo kisha kimya. Unasukuma mausi, haiendi. Unabonyeza hiki na kile, wapi. Dakika mbili baadaye simu yangu inalia, ni yeye: “Dada, mmekatika tena.” Na mimi natoka jikoni na mikono yenye unga, nabonyeza swichi ya sipiyu mpaka inazima kwa nguvu, huku nasema maneno ambayo si ya siku ya Bwana.

Mama hakupenda niizime. “Iache,” alikuwa anasema. “Usiiguse. Iache itulie yenyewe.”

“Mama, mashine ikiganda haitulii yenyewe. Unataka ikae hivyo mpaka Krismasi?”

“Nenda kasonge ugali, mwanangu. Iache kidogo.”

Nilidhani ni ushamba wa mashine. Mara nyingine nilimwachia, mara nyingine niliizima palepale mbele ya uso wake, nikaondoka.

Sasa, mimi ofisini ndiye ninayeitwa kompyuta ikisumbua. Sikusomea, lakini nina jicho la vitu hivyo na nina ukaidi. Kwa hiyo niliona aibu kushindwa na mashine yangu mwenyewe sebuleni. Nilianza na virusi. Nikaisafisha, nikapata viwili vitatu vya kipuuzi, nikavifuta, nikatamba. Jumapili, dakika ya ishirini na sita, kimya. Nikasema ni bando, mtandao ni mdogo. Lakini mtandao ukikatika mausi haifi, na hii mausi ilikuwa imekufa. Nikasema ni umeme, unapanda na kushuka; nikaazima stebilaiza ya mfanyakazi mwenzangu. Jumapili ikaganda na stebilaiza yake.

Nikabaki na vumbi. Mtu wa Dodoma akibaki hana la kulaumu analaumu vumbi, na mara nyingi hakosei. Kuanzia mwezi wa sita tunaishi na vitambaa: kitambaa chini ya mlango, kitambaa kwenye ufa wa dirisha, kitambaa juu ya redio na juu ya ndoo ya maji, na bado jioni ukipitisha kidole mezani kinatoka chekundu. Nilijiambia feni ya ndani imejaa udongo, mashine inapata joto, inaganda. Jumamosi nikaitoa uani, nikaifungua skrubu zote, nimejifunga mtandio puani tayari kwa vita.

Ilikuwa safi. Nilichuchumaa pale uani nimebaki mdomo wazi. Kompyuta iliyokaa Dodoma mwaka mzima, upepo ule, na ndani haina hata vumbi la kupuliza. Nilipaswa kujiuliza zaidi. Badala yake ikanipanda hasira tu, nikaifunga nikaipeleka mjini kwa fundi.

Fundi akaiwasha asubuhi, akaiacha inacheza video mpaka anafunga duka. Siku tatu. Haikuganda hata mara moja. Nilipokwenda kuichukua akaniangalia kwa huruma. “Dada, hii mashine ni nzima kuliko za kwangu. Labda tuipige windo.” Fundi wa kompyuta wa mji wetu asipoona ugonjwa anapiga windo, yaani anafuta kila kitu na kuanza upya, na mteja anakubali kwa sababu naye haoni ugonjwa. Nikakubali. Ikapigwa windo. Nikairudisha nyumbani nimeikumbatia kwenye bajaji, nikaifunga nyaya zote kwa mkono wangu, nikaijaribu saa mbili nzima, safi.

Jumapili, dakika ya ishirini na nne, mdomo wa mdogo wangu ukabaki wazi.

Hapo nilichoka. Nilikaa kwenye mkono wa kochi nikaitazama ile picha iliyosimama, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hasira, nilikuwa na woga. Nikachukua daftari nikaandika: Jumatatu mpaka Jumamosi haigandi. Jumapili inaganda. Jumatano nikaomba ruhusa ofisini niwahi kurudi, nikampigia rafiki simu ya picha kwa mashine ileile, saa nzima na dakika kumi. Haikutikisika. Jirani yangu, mama mmoja wa kanisani kwetu anayempeleka mama ibada ya kwanza, alinisikiliza mpaka mwisho, akasema taratibu kwamba kuna mtu hataki huyo mtoto aonane na mama yake. Nilimcheka mbele yake. Lakini Jumapili iliyofuata nilijikuta naomba kabla ya kuwasha swichi, mimi niliyesoma.

Na katika kipindi hichohicho mama naye alikuwa ananitoa jasho. Alivunja vikombe viwili katika wiki moja. Akaacha kuchagua mchele, anasema mgongo. Akapiga teke ndoo iliyojaa maji katikati ya korido, maji yote chini, kwenye siku za mgawo wa maji. “Mama,” nilimwambia, “ndoo yote hiyo huioni?” Akasema ni mawazo tu, mwanangu. Nikadeki huku nasema, na mimi nikianza kusema sina breki. Nilisema kuhusu maji, kuhusu vikombe, kuhusu mimi kurudi nimechoka nikakuta kazi juu ya kazi. Yeye alikaa mkekani, amegeuza uso ukutani. Niliona wanavyotembea na jirani kwenda kanisani, wameshikana mikono, bega kwa bega, nikafurahi kwamba angalau amepata shoga.

Mwisho nikatoa uamuzi. Nilimwambia mama kwamba hii takataka naitupa, mwisho wa mwezi nitamnunulia tableti mpya, nyepesi, ataishika mkononi.

Mama si mtu wa kubishana. Katika maisha yangu sijamsikia akipandisha sauti, baba alikuwa anasema kwa niaba ya wote wawili. Alikunja mikono mapajani akasema, “Ukiitoa hii kompyuta, nirudishe Chamwino.”

“Mama, kompyuta mbovu?”

“Nirudishe kwangu, mwanangu. Nitakaa hukohuko.”

Nyumba ya Chamwino paa lake lilikuwa limeshafunuka nusu. Nilitoka nikaenda kusimama uani nikiwaza kwamba mama amechanganyikiwa, na nikaanza kuhesabu kichwani ndugu wa kuwapigia simu.

Jumapili iliyofuata niliondoka kanisani mapema. Mimi husali ibada ya pili, na baada yake kuna mnada wa sadaka: kuku, mayai, boga, kreti za zabibu msimu ukifika, na watu wanapandishiana kwa utani mpaka saa saba. Mimi ni mpenzi wa ule mnada, nafahamika. Siku ile sikuwa na hamu. Nikapita kando ya kuku waliofungwa miguu, nikatembea mpaka nyumbani, nikaingia kwa mlango wa jikoni.

Kutoka jikoni kwetu unaona sebuleni moja kwa moja. Mama alikuwa amepiga magoti nyuma ya meza ya kompyuta. Mkononi alikuwa na kipande cha kanga kuukuu alichokisokota. Alikuwa anapapasa mgongo wa sipiyu kwa vidole, tundu la juu, tundu la chini, na akishalipata anasukumia kitambaa, anakikandamiza kwa kidole gumba. Kisha akazunguka ubavuni, akapapasa, akaziba na huko. Alifanya bila kuangalia, uso ukiwa dirishani. Akajifuta mikono, akarudi kwenye kiti chake, akaketi kumsubiri mwanawe.

Sikuamini. Nilishika ukingo wa sinki. Wiki saba nimelala na kuamka na hiyo kompyuta, nimeifungua, nimeiapiza, nimeiombea, nimeipeleka kwa fundi, na aliyekuwa anaiziba pumzi ni mama yangu mzazi. Maneno yalinijaa mpaka kooni. Sijui nini kilinizuia siku ile, maana hakuna kitu huwa kinanizuia. Labda ni vile alivyokuwa ametulia pale kitini, na kanga yake nzuri. Nilirudi nje taratibu, nikaingia upya kwa mlango wa mbele kwa kelele, nikamwamkia, nikawasha mashine kama kawaida.

Saa nane simu ikaingia. Nilimsalimia mdogo wangu, nikasema naenda jikoni kuangalia mboga ya mlenda. Nikaenda, nikasubiri. Sauti ikakoroma, ikakatika. Mara simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni, nikaizima. Nikarudi kwa miguu mitupu, nikasimama kwenye mlango wa korido.

Mama alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yanagusa meza. Kichwa chake kilikuwa kinatembea. Polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kinashuka kidogo, kinarudi. Na alikuwa anaongea na ile picha.

“Haya. Hapo hapo. Sasa nimekupata. Umenyoa nyusi. Hili jicho lina uvimbe, hulali vizuri. Pua ya baba yako. Shavu limeingia, mwanangu, huli huko.” Kichwa kikashuka. “Kidevuni una kovu, hukuniambia. Nani kakuumiza?”

Nilidhani anaota. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kawaida anayotumia kuulizia chumvi:

“Ukiwa unacheka unanitoroka. Jicho la kulia limeshazima lote, siku nyingi. Hili la kushoto limebaki kitundu, kama kuchungulia tundu la ufunguo. Mtu akitikisika namkosa. Dada yako akiwa hayupo huwa naweka kitambaa kwa ajili ya vumbi tu, ili mashine yake isiharibike, akirudi nakitoa; ile Jumapili ya kwanza nikasahau kukitoa. Ukasimama. Nikakuona wote, kidogo kidogo. Nilikuwa sijakuona mwaka mzima.”

Niliegemea ukuta.

“Dada yako simwambii. Ana moyo mzuri, lakini ananigombeza. Nikivunja kikombe ananigombeza. Sasa nikimwambia nimevunja macho?”

Nimepata habari nyingi mbaya katika maisha. Nimepigiwa simu ya msiba wa baba nikiwa kwenye foleni. Hakuna iliyoniingia vile. Nilirudi jikoni, mlenda umeungua, nikazima jiko nikabaki nimesimama katikati ya moshi. Mambo yalianza kujipanga yenyewe kichwani bila mimi kutaka: ndoo, vikombe, mchele, uso uliogeuzwa ukutani, jirani aliyekuwa amemshika mkono. Jirani alijua. Nilimuuliza baadaye, akasema aliapishwa. Kila mtu aliyekaa karibu na mama kwa dakika kumi bila kusema alijua. Na mimi, mwenye jicho la kuona ubovu wa mashine za watu, nilikuwa nimeona ndoo iliyomwagika tu.

Nilipotoka jikoni nilikaa chini, kwenye mkeka, karibu na miguu yake. Nikasema, “Mama, kesho twende kwa daktari wa macho.”

“Ulisimama pale tangu saa ngapi?”

“Tangu kwenye nyusi.”

Akatikisa kichwa. “Basi umesikia yote,” akasema, na mikono yake ikaanza kutafuta ncha ya kanga.

Hospitali ya macho tulikaa benchi nusu siku. Walimpima, wakamtia dawa, wakampima tena. Daktari, dada mmoja mdogo kuliko mimi, alisema ni presha ya macho. Alinieleza kwa upole kwamba ugonjwa huu unakula kuona kutoka pembeni kuja katikati, hauumi, mgonjwa anazoea. Jicho la kulia limekwisha, halirudi. La kushoto kilichobaki kitalindwa kwa matone, asubuhi na jioni, maisha yote. Kilichopotea kimepotea. Nilimwomba arudie hapo, akarudia.

“Bibi alianza kusumbuliwa lini?” aliuliza, kalamu iko tayari. Aliniuliza mimi.

Ningeweza kumtajia siku kompyuta ilipoganda mara ya kwanza, na dakika. Hili sikuwa nalo. Mama akadakia haraka, amekaa wima kwenye kile kiti: “Siku nyingi, daktari. Huyu hakujua. Nilimficha vizuri sana, si kosa lake.” Alinitetea pale mbele ya daktari, kama mtu anayemtetea mtoto shuleni, na mimi nikamwacha anitetee.

Vitambaa nilivitoa mwenyewe. Mdogo wangu nilimweleza kwa simu, akalia mpaka akashindwa kuongea, na Jumapili ya pili yake hatukuhitaji mashine igande. Alisalimia, alipiga stori zake, kisha akasogea kwenye kamera akanyamaza, akatulia bila kupepesa, dakika tano nzima, huku machozi yanamshuka. Mama akamwambia afute uso, anamharibia picha.

Lakini ninalotaka kulisema ni la asubuhi ya kwanza ya matone.

Nilipiga magoti mbele ya kiti chake karibu na mlango, kwenye mwanga. Nikavuta kope chini kama nilivyoonyeshwa, nikadondosha moja. Alifumba. Tukahesabu pamoja, kimoyomoyo, dakika ile waliyosema. Alipofumbua nilitaka kuinuka, gari la ofisi linanisubiri barabarani. Akaniwekea mkono begani.

“Tulia hapo,” akasema. “Usiongee.”

Nikatulia. Kichwa chake kikaanza kutembea. Alianza kidevuni, akaja mdomoni, akakaa hapo kitambo. Akapanda puani, jicho moja, jicho la pili, paji la uso. Nilisikia honi ya gari nje, sikutikisika. Akafika kwenye nywele, na hapo akasimama. Vidole vyake vikaja kugusa, juu ya sikio, halafu utosini, halafu upande wa pili.

“Una mvi,” akasema. Alikuwa ameshtuka kweli, mkono umemganda kichwani kwangu. “Mwanangu, una mvi kichwa kizima. Tangu lini?”

Zilianza mwaka ule alipohamia kwangu, na siku zote hizo tumekula meza moja.